Ngamia Naye Hukopa

Wapo wanafunzi, na hata walimu, ambao wangali wanaamini kwamba nundu ya ngamia ni mtungi wa maji. La hasha! Nundu ni shahamu. Aliyewahi kuila Garissa hahitaji kuelezwa zaidi.

Siri ya mnyama huyu ni kukopa. Mtazame akitoka Modogashe kuelekea Habaswein adhuhuri, mzigo mgongoni. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto, na jua nalo huongeza lake. Binadamu katika hali hiyo hutoa jasho papo hapo. Ngamia mwenye kiu hustahimili: mwili ulioamka na nyuzi 34 za Selsiasi huachwa upande hadi nyuzi 40 hivi kabla ya jasho kutoka kwa wingi. Mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen, aliyewachunguza ngamia katika Sahara ya Algeria mnamo 1953 na 1954, alikadiria kwamba mnyama wa kilo 500 huokoa takriban lita 5 za maji kwa siku kwa njia hii. Usiku joto hilo hurudishwa hewani pasipo kupotea tone.

Maji nayo hukopwa. Ngamia aweza kupoteza karibu robo ya uzito wake kwa kiu, na bado damu yake isiwe nzito kiasi cha kuulemea moyo, kwani upungufu mwingi hubebwa na sehemu nyingine za mwili. Akifika kisimani hunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Chembe zake nyekundu za damu, zilizo na umbo la yai, huvimba bila kupasuka.

Kwa sababu hizi wafugaji wengi wa Kaskazini Mashariki wamegeukia ngamia badala ya ng'ombe, nami sioni kosa. Kosa ni kunena kana kwamba ngamia hafi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua haba mfululizo, uliwaangamiza hata ngamia. Deni la joto hulipwa na usiku wenye baridi. Deni la maji hulipwa na kisima kilicho karibu. Anayegawa ngamia bila kuchimba kisima amegawa nusu ya msaada.

Mwalimu wa bayolojia aliyeko Garissa na awapeleke wanafunzi wake soko la mifugo. Wazitazame nundu zilizosimama na zilizolala, kisha wamuulize mwenye mnyama: alikunywa lini mara ya mwisho, na wapi?