Albamu Yenye Sifa, Sikio Lisiloitika

Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani liliwapigisha kura wanamuziki, watayarishaji na wahakiki ili kupata albamu 500 bora za wakati wote. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, iliyotoka mwaka 1967. Mwaka 2020 kura ikapigwa upya, safari hii kukiwa na wapiga kura wengi wapya. What's Going On ya Marvin Gaye ikapanda kileleni, Sgt. Pepper ikashuka hadi nafasi ya 24. Nyimbo zake ni zilezile. Waliobadilika ni waamuzi.

Natanguliza habari hiyo kwa ajili ya msomaji aliyewahi kutafuta albamu inayosifiwa dunia nzima, akaisikiliza kwa nia njema tangu mwanzo hadi mwisho, asihisi kitu. Wengi hubaki na aibu. Hudhani masikio yao ni mazito au elimu yao ya muziki ni haba, na wapo wanaoishia kujifanya wameipenda. Wengine hukasirika wakasema wahakiki ni waongo. Makundi yote mawili yamechukulia kwamba sifa ya albamu na raha ya albamu ni kitu kimoja, wakati vitu hivi viwili vina vyanzo tofauti kabisa.

Mhakiki anapoiita albamu kubwa, mara nyingi anazungumzia kile ilichokibadilisha. The Beatles waliifanyia kazi Sgt. Pepper kwa miezi kadhaa katika studio za Abbey Road, London, kwa mashine zilizokuwa na njia nne tu za kunasia sauti. Maneno ya nyimbo yalichapishwa nyuma ya jalada, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa muziki wa roki. Ilipotoka, hakuna wimbo uliochomolewa ukauzwa peke yake kwenye santuri ndogo. Ilitakiwa isikilizwe yote kama kazi moja. Kwa kijana wa mwaka 1967 hayo yote yalikuwa habari mpya. Aliyezaliwa mwaka 2000 amekulia katika dunia ambamo kila msanii ana studio ndani ya kompyuta, hivyo anasikia matokeo bila kusikia mshtuko. Na hata wakati ule hawakukubali wote. Richard Goldstein aliiandikia albamu hiyo uhakiki mkali katika New York Times mwaka huohuo wa 1967, akalaumiwa vikali na wasomaji.

Upande wa pili kuna The Velvet Underground & Nico, nayo ya mwaka 1967. Ilipotoka haikuvuka nafasi ya 171 katika chati ya Billboard. Leo haikosekani kwenye orodha yoyote ya heshima, kwa sababu ya wanamuziki waliokuja kujifunza kutoka kwake. Kama masikio ya wanunuzi wa wakati huo yaliikataa, haishangazi yako yakiikataa leo.

Lakini albamu ninayoulizwa zaidi ni Kind of Blue ya Miles Davis, na kwa hiyo nitakaa nayo kwa muda. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia iliyokuwa mtaa wa 30, New York. Ina nyimbo tano. Miles alikuwa na John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Paul Chambers kwenye besi, Jimmy Cobb kwenye drams, na Bill Evans kwenye piano, isipokuwa wimbo mmoja uliopigwa na Wynton Kelly. Ni moja ya albamu za jazi zilizouzwa zaidi katika historia. Mwaka 2009, ilipotimiza miaka 50, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuienzi. Sasa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaiweka, anasikia besi, piano ya taratibu, tarumbeta isiyo na haraka, na baada ya dakika tisa wimbo wa kwanza unakwisha bila mtu kuimba. Anauliza: ndiyo hii?

Ili kulijibu swali lake inabidi kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1940 na 1950 jazi ya Marekani ilikuwa imejaa akodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na akodi hizo zilibadilika kwa kasi kubwa. Mpiga solo alilazimika kuzikimbiza moja baada ya nyingine. Coltrane mwenyewe, wiki chache tu baada ya Kind of Blue, alirekodi sehemu kubwa ya albamu yake Giant Steps, ambamo mbio hizo zilifikia kilele. Miles akaenda njia nyingine. Katika "So What", wimbo ule wa kwanza, wanamuziki wanakaa kwenye skeli moja, yaani ngazi moja ya sauti, kwa muda mrefu, wanahamia ya jirani iliyo juu kidogo, kisha wanarudi walikotoka. Basi. Uwazi huo uliwapa nafasi ya kuwaza na kunyamaza. Waliozoea zile mbio walipumua. Asiyewahi kuzisikia ni kama mtu aliyefika barazani baada ya ugomvi kwisha: anaona watu wametulia, ila hajui utulivu huo umegharimu nini.

Kuna jambo jingine linalomkwaza msikilizaji wa kwetu, nalo linatokana na historia yetu wenyewe. Bendi nyingi za Afrika Mashariki zilijiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Muziki wao ulikuwa wa dansi, wenye magitaa yanayojibizana, mwimbaji, kiitikio, na mwishoni chemko, sehemu ya mwendo wa kasi ya kuwainua watu vitini. Sikio lililolelewa na wanamuziki wa dansi kama Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajab lina saa yake ya ndani. Linajua kwamba baada ya beti kadhaa gitaa la solo litashika usukani na mwendo utapanda. Likisikiliza "So What" linangoja chemko ambalo haliji. Kinacholichosha ni kungojea kitu ambacho albamu haikuahidi, na huo si ushahidi wa uzito wa masikio.

Mwanafalsafa wa muziki Leonard Meyer aliandika mwaka 1956 kwamba hisia katika muziki huzaliwa na matarajio: muziki unatutayarisha tutegemee jambo, kisha unatupatia, unatucheleweshea au unatunyima. Hoja hiyo imeongoza utafiti mwingi hadi leo. Na matarajio hujengwa na mazoea. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti waliowafanyia Watsimane, jamii inayoishi katika misitu ya Bolivia mbali na muziki wa Magharibi. Sauti zinazogongana, ambazo Wamarekani wengi huziona zinakera, Watsimane walizipokea sawa na zile zinazopatana. Kama hata jambo la msingi kiasi hicho hutegemea malezi ya sikio, si ajabu albamu nzima ikimpita mtu.

Mazoea haya yanaweza kuongezwa. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata maneno yasiyo na maana, humfanya mtu akipende zaidi. Daniel Berlyne akaongeza kwamba raha hupanda kadiri kitu kinavyozoeleka, hufika kilele, kisha hushuka kikishazoeleka kupita kiasi. Wimbo mwepesi hufika kilele upesi na kuchuja upesi. Wimbo mzito huanza chini na kupanda polepole, hivyo anayeuhukumu kwa kuusikia mara moja anauhukumu ukiwa bado bondeni. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba muziki mzuri hujitambulisha wenyewe. Mwingine hujitambulisha, mwingine unataka kutembelewa.

Utafiti mmoja naupenda kwa sababu unaeleza jambo tunaloliona majumbani mwetu. Carol Krumhansl na Justin Zupnick, mwaka 2013, waligundua kwamba vijana wa umri wa miaka 20 hivi walikuwa na mapenzi ya pekee kwa nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Ndiyo maana binti wa leo anazijua zilipendwa za bendi ya DDC Mlimani Park bila kufundishwa na mtu. Redio ya baba ilikuwa ikipiga naye akicheza sakafuni. Wahakiki wengi waliopandisha The Beatles kileleni walilelewa hivyohivyo, na redio nyingine.

Kisha kuna maneno. Katika taarabu mstari mmoja wenye fumbo unaweza kumwinua mtu kitini akaenda kumtunza mwimbaji. Msikilizaji wa pwani ana subira ya wimbo mrefu kweli, mradi mashairi yanambeba. Mpe Blonde on Blonde ya Bob Dylan, ya mwaka 1966, mtu ambaye Kiingereza chake ni cha shule. Atasikia sauti ya puani na gitaa, na kile kilichomletea Dylan Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016 kitampita pembeni. Mwingereza anayemsikiliza mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad bila kuelewa Kiswahili anapungukiwa vilevile.

Siti mwenyewe alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za zama hizo zilizobeba takriban dakika tatu kila upande. Baadaye bendi zetu zilitoa santuri ndogo zenye wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na nyingine zikarekodi kwa ajili ya matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ndio uliokuwa kazi kamili. Albamu kama kitu kimoja chenye mwanzo, kati na mwisho ilikua pamoja na santuri kubwa ambayo kampuni ya Columbia iliingiza sokoni mwaka 1948. Kumtaka kila mtu duniani asikilize kwa mkao huo ni kumtaka aishi katika historia ya watu wengine.

Nguvu ya kundi nayo isisahaulike. Watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana mbele ya washiriki zaidi ya 14,000, wakawagawa katika makundi yaliyotenganishwa. Baadhi waliona idadi ya waliokwisha kupakua kila wimbo, wengine hawakuona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Penye kuonyeshwa idadi, nyimbo zilizopendwa zilipendwa zaidi na zilizoachwa ziliachwa zaidi, na wimbo uliotamba kundi moja haukutamba lazima kundi jingine. Nyimbo bora hazikufanya vibaya sana, wala mbaya hazikutamba sana, lakini kati ya hapo bahati ilikuwa na sauti kubwa. Orodha za albamu bora zinafanya kazi katika hali hiyohiyo: kila orodha mpya inaandikwa na watu waliosoma ya zamani.

Basi yafaa nini kwa anayetaka kuipa Kind of Blue nafasi ya haki? Kwanza asitumie spika ya simu. Katika "So What" ni besi ya Paul Chambers inayopiga kiini cha wimbo na vipulizwa vinaiitikia. Spika ndogo huififisha besi, kwa hiyo msikilizaji hupata kiitikio bila mwimbishaji. Pili, asianze na wimbo wa kwanza. Aanze na wa pili, "Freddie Freeloader", ule ambao Wynton Kelly alikaa kwenye piano. Ni bluzi inayotembea, na mwendo wake hauhitaji kuelezwa. Kisha aruke hadi wa nne, "All Blues". Mapigo yake yanakwenda kwa sita, hesabu iliyo jirani kabisa na ngoma za pwani kama kumbwaya, na nimeona watu waliokwisha kuikatia albamu tamaa wakianza kutikisa mguu hapo. "So What" ije baadaye, sikio likishazoea sauti za watu hawa. Isikilizwe kwa majuma kadhaa, jioni, bila kazi nyingine mkononi.

Wala isiogopwe kama kitu kitakatifu. Tarehe 2 Machi 1959 mashine moja ya kunasia ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika juu kidogo ya sauti yake halisi hadi kosa hilo liliporekebishwa katika toleo la mwaka 1992. Kwa zaidi ya miaka 30 dunia iliipenda ikiwa imepanda sauti, na hakuna aliyedhurika.

Wapo pia watu wachache, waliochunguzwa na watafiti wa Barcelona mwaka 2014, ambao husikia vizuri na hufurahia mambo mengine maishani, lakini muziki wowote hauwapi raha. Kutopenda albamu moja mashuhuri hakumweki mtu katika kundi hilo. Ikiwa umeipa muda na bado imekataa, iache, uheshimu ilichofanya, uendelee na inayokuita.

Ombi langu la mwisho ni kwa watangazaji na waandishi wetu wa muziki. Mnapomtajia msikilizaji albamu kubwa, ya New York au ya Nairobi, msimpe namba ya nafasi peke yake. Mwambieni ilibadilisha nini, ilisikika baada ya muziki gani, na aanze na wimbo upi.