Upepo Ndio Jembe la Ziwa

Mgeni akifika soko la Buzebazeba, Kigoma, akauliza kwa nini fungu la dagaa limepungua na bei ni ileile ya wiki iliyopita, muuzaji hamtajii ushuru wala nauli. Humwambia, "Mwezi huo, baba. Subiri giza." Mgeni hudhani anataniwa. Hataniwi. Hiyo ni elimu ya mwanga na ya viumbe, imebanwa katika maneno matano.

Mchana dagaa hushuka kwenye kina chenye kiza, mbali na macho ya migebuka, samaki wanaowawinda. Usiku hupanda wakifuata chakula chao, yaani planktoni, wanyama wadogo mno wa majini ambao nao hushuka na kupanda kwa zamu hiyohiyo. Mvuvi akiwasha taa juu ya maji meusi, planktoni na dagaa huusogelea mwanga, na wavu unawasubiri chini. Zamani moto wenyewe ulikuwa wa matita ya matete yaliyowashwa, ikaja karabai, siku hizi ni taa za betri. Chombo kimebadilika mara mbili, kanuni haijabadilika: taa ina nguvu pale tu inapozungukwa na giza. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika sehemu moja, na mvuvi anachoma mafuta au kumaliza betri bure.

Kutoka giza hadi giza mwezi huchukua siku 29 na nusu, na kila usiku huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana siku chache baada ya mwezi kujaa, wavuvi hupata saa za giza mwanzoni mwa usiku kabla mwezi haujatoka, na wanaojua huzitumia. Mzee wa Ujiji anayeutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani na mvuvi wa Kibirizi wanatazama anga moja na kuhesabu kalenda moja.

Haya ya mwezi watu wa Kigoma wanayajua kuliko mwandishi yeyote. Ninalotaka kulieleza leo ni nusu ya pili, ambayo haisemwi sokoni. Mwezi huamua ni dagaa wangapi watakusanyika chini ya taa usiku wa leo. Hauamui ni dagaa wangapi wapo ziwani. Hilo linaamuliwa na upepo.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma juu ya ziwa kwa nguvu. Ni upepo unaolaumiwa sana. Mawimbi yanakuwa makubwa, mitumbwi inabaki ufukweni, na mchanga unapeperuka juu ya dagaa walioanikwa. Nami nasema bila upepo huo tusingekuwa na dagaa wa kuanika.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Kwa kina duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Lakini samaki hawaishi humo mote. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka kati ya mita 100 na 150 unaacha maji yenye oksijeni, na chini ya hapo kuna gesi yenye harufu ya yai bovu inayoua samaki. Kila kinachokufa juu huzama huko pamoja na naitrojeni na fosforasi yake. Kwa hiyo chini kuna ghala la mbolea lililojazwa kwa muda mrefu mno, juu kuna jua linaloihitaji mbolea hiyo ili kuotesha mwani, na katikati mlango umefungwa. Kinachoufunga ni joto. Maji ya juu yana joto zaidi kwa nyuzi chache tu, lakini hizo zinatosha kuyafanya mepesi, yakaelea juu ya yale ya chini kama mafuta.

Jaribu mwenyewe jikoni. Tia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli pana, mimina mawese yaliyoyeyuka mpaka yafunike maji yote, kisha puliza kutoka upande mmoja. Mawese yatasukumwa upande wa pili na kurundikana huko, na mbele ya midomo yako maji yatajitokeza. Ukiacha kupuliza, mawese hurudi. Bakuli hilo ni ziwa. Upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea Kigoma na Bujumbura, na kule kusini, Mpulungu ya Zambia, maji ya chini hupanda na mbolea yake. Upepo ukilegea mnamo Septemba, maji yaliyorundikana kaskazini hurudi, yakapitiliza, yakarudi tena, kama maji ya ndoo ya mtu aliyesimama ghafla. Ndoo hutulia upesi. Ziwa hili huchukua wiki tatu hadi tano kwa bembea moja, na kila linapobembea maji ya chini hupata nafasi ya kusogea juu hata kwetu. Mbolea ikifika kwenye jua mwani huota, planktoni hula mwani, dagaa hula planktoni, migebuka hula dagaa. Mkulima hulima ili udongo wa chini uje juu. Ziwa hulimwa na upepo.

Sasa shida. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, upepo umepungua nguvu, na mlango ule unafunguka kwa taabu kuliko zamani. Walikadiria kuwa uotaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakasoma matope ya chini ya ziwa, ambamo mabaki ya samaki hulala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari. Wakaona samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20. Anayesema makokoro na nyavu za macho madogo ndiyo yaliyomaliza dagaa ana ukweli, lakini ni nusu yake. Tunavua kupita kiasi kwenye shamba ambalo halilimwi kama zamani. Mambo hayo mawili yanaongezana.

Na dagaa hawa si kitoweo cha kubadilishana na kingine kirahisi. Wale wa Ziwa Victoria, ingawa tunawaita kwa jina moja, si ndugu zao. Wale wamo katika jamaa ya samaki wa maji baridi. Wa Kigoma wametokana na samaki wa baharini, jamaa ya sadini, ambao mababu zao waliingia mito ya Afrika Magharibi zamani za kale. Mmoja wa aina zetu mbili amehamishwa na kustawi Ziwa Kivu, wanakomwita sambaza, na Kariba, wanakomwita kapenta.

Tazama pia dagaa anapokaa kwenye sahani, kando ya ugali wa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Kuuloweka na kuuanika huiondoa sehemu kubwa, na inayobaki mwili huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa na kukitoa kwa mkojo. Lakini ili ufanye kazi hiyo mwili unahitaji salfa, nayo huipata kwenye protini, ya samaki hasa. Wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikula muhogo usioandaliwa vya kutosha na karibu bila kitoweo. Baadhi yao walipatwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na moja kwa moja. Basi mama anayepika ugali wa muhogo na dagaa kwa mawese ameweka kinga mezani: dagaa wanaleta salfa na kalsiamu ya mifupa yao, na mawese yanaleta vitamini A pamoja na mafuta inayoyahitaji ili iingie mwilini. Fungu la dagaa likipungua, kinachopungua si ladha.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kulipumzisha ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo ni ya upepo, ziwa linapolimwa, na kumwacha dagaa wakati huo ni uamuzi wa akili kwa samaki ambaye maisha yake yote ni kama mwaka mmoja. Ila tarehe zenyewe ziliwekwa kwa kalenda ya ofisini. Giza la mwisho kabla ya kufunga lilikuwa la 8 Mei, na hilo lilikuwa jema: aliyejua mapema aliweza kununua, kukausha vizuri na kuweka akiba. Lakini 15 Agosti mwezi ulikuwa umeshavuka nusu, na siku nne baadaye ukajaa. Mvuvi aliyekaa miezi mitatu bila kipato alifunguliwa ziwa mbalamwezi ikiwa inakaza, na giza kamili halikuja mpaka 3 Septemba.

Ombi langu kwa wanaopanga tarehe za miaka ijayo ni dogo na halina gharama. Wafunge ziwa giza likiisha, walifungue giza likianza, na tarehe hizo zitangazwe miezi kadhaa kabla, Katonga, Kibirizi, Ujiji na kwenye masoko kama la Buzebazeba, ili waanikaji nao wajipange. Mwezi wa mwaka ujao unajulikana tangu leo, siku na saa yake.