Fulana Yenye Sura ya Mjukuu

Bibi yetu, ukimletea kitenge, anakikunja na kukitia sandukuni. Fulana yenye sura ya mjukuu ataivaa mpaka sokoni.

Ninazitengeneza nyumbani, Temeke. Fulana nanunua Kariakoo, za pamba tupu, kwa kuwa pamba huvumilia pasi ya moto. Kisha nahitaji printa ya wino na karatasi maalumu ya kuhamishia picha, ambayo ni ya aina mbili. Printa hizi hazina wino mweupe, hivyo karatasi ya fulana nyeupe huacha rangi ya kitambaa ionekane. Picha yake ichapwe ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, la sivyo jina la mtoto litasomeka kinyume. Ya fulana za rangi nzito ina weupe wake na haigeuzwi: unabandua karatasi ya nyuma, unailaza picha ikitazama juu, unaifunika kwa karatasi ya kuokea keki, ndipo unapiga pasi.

Pasi isiwe na maji. Mvuke huharibu gundi. Kazi hii inataka mgandamizo, basi tumia meza ngumu, si ile yenye sponji. Mimi huegemea kwa mikono miwili na kukazia kingo, maana picha huanza kubanduka kwenye pembe. Ndiyo maana huzikata pembe ziwe za mviringo. Muda na joto fuata maelezo ya pakiti, si ya jirani.

Iache siku nzima kabla ya kuifua. Igeuze nje ndani, maji baridi, bila jiki. Bibi anapenda kupikicha, kwa hiyo yake naifua mwenyewe.