Kulisha watu 50 kwa mapishi ya Meksiko: mpango, vipimo na maneno

Katika makala hii ninataka kueleza namna ya kupanga chakula cha Kimeksiko, pamoja na vitamu vya kumalizia, kwa kundi kubwa la watu. Nimechukua mfano wa watu 50, yaani darasa moja pamoja na walimu wake na wageni wachache. Mimi ni mwanafunzi wa Kihispania, na mara tatu sasa nimekuwa katika kamati ya jikoni siku ya sherehe ya idara. Kila mara tatizo ni lile lile: mchango ni mdogo, watu ni wengi, na aliye mwisho wa mstari anafika na kukuta kuku amekwisha, umebaki mchuzi mtupu. Wameksiko wamelitatua tatizo hilo zamani, si kwa kuongeza pesa, bali kwa namna wanavyogawa kazi kati ya mpishi na mlaji.

Kabla ya kuendelea, nieleze jambo moja la tahajia. Maneno mengi ya kigeni humu nimeyaandika kwa sauti za Kiswahili: tortiya, guakamole, nikstamali. Neno taco nimeliacha kwa Kihispania, na kila msemaji wa Kiswahili anajua kwa nini.

Mlaji anajitengenezea mwenyewe

Taco ni tortiya, yaani mkate mwembamba wa duara, uliokunjwa juu ya kitoweo. Huko Meksiko, mtu akialika watu wengi nyumbani, mara nyingi anaandaa kile wanachokiita taquiza. Mezani panawekwa rundo la tortiya zilizofunikwa kwa kitambaa, sufuria mbili au tatu za vitoweo mbalimbali, bakuli la salsa, vitunguu na kotimiri iliyokatwakatwa, na ndimu. Mpishi hapangi sahani hata moja. Kila mgeni anachukua tortiya yake, anaweka anachopenda, anakunja, anakula.

Mtindo huu una faida tatu kwa anayepanga. Kwanza, vitoweo vyote ni vya sufuria, hivyo kuvipikia watu 50 hakuna ufundi tofauti na kuvipikia watu 10. Pili, asiyekula nyama na asiyependa pilipili hawahitaji chakula cha pekee. Tatu, hesabu inakuwa rahisi: huhesabu sahani, unahesabu taco. Mtu mzima anatosheka na taco tatu zenye maharagwe pembeni. Watu 50 ni taco 150. Vipimo vyote vinavyofuata vinatoka kwenye namba hiyo.

Tortiya gani?

Tortiya ya asili ni ya mahindi. Sisi tunaokula bukari tunaweza kudhani kwamba unga wetu unatosha, lakini hautoshi: unga wa kawaida ukikandwa kwa maji na kutandazwa, unapasuka. Wameksiko hupika kwanza punje za mahindi katika maji yenye chokaa, huziacha humo usiku kucha, huziosha, kisha huzisaga zikiwa bado na maji. Kazi hiyo huitwa nikstamali, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ambayo bado inasemwa Meksiko mpaka leo. Chokaa hulegeza ganda la punje na kufanya donge lishikamane.

Tena kuna faida isiyoonekana kwa macho. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa ndani ya punje. Chokaa huifungua, mwili ukaweza kuitumia. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya baada ya safari za Kolumbo, punje zilisafiri, lakini ujuzi wa chokaa ulibaki nyuma. Katika karne ya 18, daktari Gaspar Casal wa Asturias, Hispania, alieleza ugonjwa wa ngozi uliowapata maskini walioishi kwa mahindi karibu peke yake. Leo ugonjwa huo unaitwa pelagra. Kwa hiyo mapishi nayo ni elimu: ukichukua chakula cha watu bila kuwauliza wanakipikaje, unaweza kuchukua nusu tu.

Kwa sherehe yetu nashauri tortiya za ngano. Hizi nazo ni za Kimeksiko kabisa. Kaskazini, hasa jimbo la Sonora, ndizo zinazoliwa sana. Anayejua kupika chapati atazipika bila shida. Mtu asijaribu nikstamali kwa chokaa ya mafundi wa ujenzi, maana si ya kuliwa.

Vipimo kwa watu 50

Tortiya 150: unga wa ngano kilo 4, mafuta gramu 700, chumvi vijiko vitatu vikubwa, maji ya moto kama lita 2. Kila donge liwe na uzito wa gramu 45.

Kitoweo cha kuku, kwa taco moja ya kila mtu: kuku 4 wa kilo moja na nusu. Huchemshwa, huchambuliwa nyama kwa vidole, kisha nyama hiyo hupikwa na tomati kilo 2, vitunguu kilo 1 na pilipili. Hiki ndicho kitoweo kiitwacho tinga, nacho ni maarufu huko Puebla. Wenyewe hutumia pilipili ya kukaushwa kwa moshi. Mimi huchoma tomati juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, na kuongeza pilipili nyekundu kavu. Harufu ya moshi inapatikana.

Kitoweo cha viazi, kwa taco ya pili: viazi ulaya kilo 4, vitunguu, na pilipili hoho zilizochomwa na kukatwa vipande virefu.

Maharagwe, kwa taco ya tatu na kwa pembeni: kilo 3 zikiwa kavu. Yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Salsa mbichi: tomati kilo 3, vitunguu kilo 1, kotimiri mafungu 4, ndimu 15, chumvi, pilipili kidogo. Pilipili nyingine iwekwe kwenye bakuli lake.

Guakamole: avoka 17, yaani moja kwa watu watatu, zipondwe na ndimu, chumvi na kitunguu.

Kinywaji: lita 15 za maji ya rozela, yaani maua makavu mekundu gramu 400 na sukari kilo moja na nusu. Wameksiko wanakiita agua de jamaica na wanakihesabu kuwa chao, ingawa mmea wenyewe asili yake ni Afrika. Basi hapa ni sisi tuliowapelekea.

Vitamu vya kumalizia

Watu wengi huchagua kitamu kwa ladha. Mimi nasema kichaguliwe kwa kuuliza kwanza kama kuna friji.

Kama ipo, au kama kuna mtu wa kukaa jikoni asubuhi, pika wali wa maziwa, arroz con leche. Kwa vikombe 50 vidogo: mchele kilo 1 upikwe katika maji lita 2 na vijiti 5 vya mdalasini, maji yakikauka, ongeza maziwa lita 5, sukari gramu 700 na maganda ya ndimu, ukoroge kwa moto mdogo mpaka uwe mzito. Maziwa ya unga yanafaa: kama gramu 650 kwa lita 5. Huliwa wa moto au wa baridi, lakini usikae vuguvugu mchana kutwa.

Kama friji haipo, pika kapirotada. Ni kitamu cha Kwaresima, na kilizaliwa kwa kutotupa mkate. Mkate mkavu kilo mbili na nusu hukatwa vipande na kuchomwa kidogo. Lita 5 za maji huchemshwa na kilo 2 za sukari isiyosafishwa (ikikosekana, sukari ya kawaida), mdalasini na karafuu. Katika sufuria pana hupangwa tabaka la mkate, karanga za kukaanga, zabibu kavu, na vipande vya ndizi ukipenda. Juu yake humwagwa maji ya sukari, kisha tabaka jingine, mpaka mwisho. Wengi wao huweka pia jibini. Sisi tunaweza kuiacha. Kama hakuna oveni, funika sufuria, weka moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko kwa dakika 30. Haina maziwa, hivyo inaweza kupikwa jana yake jioni, na ndiyo ya bei nafuu kuliko vyote.

Mpangilio wa kazi

Wiki moja kabla: hesabu watu kwa majina, kusanya mchango, nunua vitu vikavu.

Jana yake: loweka maharagwe, chemsha rozela, pika kapirotada, kata na choma mkate mapema. Bila friji, usipike kuku wala maharagwe siku hii. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto sana au cha baridi sana.

Asubuhi: maharagwe motoni kwanza, halafu kuku, halafu viazi. Wakati hivyo vinaiva, watu wawili wakande unga na kutandaza. Tortiya moja inahitaji kama dakika moja kwenye kikaango kikavu. Kikaango kimoja ni saa mbili na nusu. Vikaango vitatu ni chini ya saa moja. Zikitoka motoni zifungwe kwenye kitambaa safi ili zibaki laini.

Nusu saa kabla ya kula: salsa, kisha guakamole mwisho kabisa, maana avoka iliyopondwa huwa nyeusi. Ndimu inaichelewesha tu.

Mezani: weka maharagwe, viazi na salsa kwa uhuru wa kila mtu, lakini kwenye sufuria ya kuku asimame mtu mmoja na kijiko kimoja, kijiko kimoja kwa kila mgeni. Sisemi hivyo kwa uchoyo. Wanaokuwa mwisho wa mstari mara nyingi ndio waliokuwa wakipanga viti, au mlinzi, au mama anayefagia madarasa yetu. Kama mpango haukuwahesabu, basi tumepika chakula kizuri na kufanya karamu mbaya.

Wameksiko nao wana desturi ya kugawana mzigo. Tarehe 6 Januari, siku ya Mamajusi, hukatwa mkate mtamu wa duara wenye kisanamu cha mtoto ndani yake. Anayekipata kwenye kipande chake ana deni: tarehe 2 Februari atawaletea wenzake tamale, yaani donge la mahindi lililofungwa katika maganda ya mahindi au majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Sisi tunaojua chikwange na liboke hatuhitaji kuelezwa ufungaji huo. Kamati zinaweza kuiga desturi hiyo: karamu moja imteue kwa bahati atakayesimamia ijayo.

Maneno yaliyo mezani

Kwa kuwa sisi ni fakulte ya lugha, tusile bila kusoma. Kinahuatl kina ahuacatl. Kihispania kikafanya aguacate, Kifaransa avocat, nasi tukapata avoka. Tomatl ikawa tomate, kisha tomati yetu. Molli maana yake ni mchuzi. Guakamole ni mchuzi wa avoka. Na karanga, ambayo Kifaransa huiita cacahuète, imepata jina lake kutoka neno la kakao: Waazteki waliiita kakao ya ardhini, kwa sababu mbegu zake huzaa chini. Mwanafunzi anayeomba tomati na avoka sokoni anasema Kinahuatl bila kujua.

Mwaka 2010 UNESCO iliandika mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, orodha ile ile iliyoipokea rumba ya Kongo mwaka 2021. Kilichoandikwa si ladha peke yake, bali pia kulima, kusaga na kula pamoja. Kwa hiyo idara itakayopika siku ya sherehe isibandike tu jina la Kihispania kwenye sufuria. Iwaeleze wageni tortiya ni nini, kwa nini mahindi ya huko hupitia chokaa, na rozela ilitoka wapi. Dakika tano za maelezo kabla ya kula zinatosha, mradi maharagwe yawe yameiva na kijiko cha kuku kiwe mkononi mwa mtu anayejua kuhesabu mpaka 50.