Windows 10: Ordinatere ingali nzima, lakini ulinzi wa bure umekwisha

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Marekani Microsoft imeacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10, programu iliyotoka mwaka 2015. Ordinatere zinazoitumia hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinaandika na kutoa karatasi kama kawaida. Lakini kila kosa jipya linalogunduliwa ndani ya programu linabaki sawa na mlango usio na kufuli, isipokuwa mwenye mashine ajiandikishe katika mpango wa pekee.

Jambo hilo linagusa moja kwa moja wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Uvira. Kwenye shule, biro na vyumba vya kutoa fotokopi, ordinatere nyingi ni za okazio: zilitumikishwa kwanza Ulaya au kwingine, kisha zikauzwa huku. Mtu wa kwanza alizinunua mupya na akafaidika na miaka mingi ya ulinzi. Anayezinunua huku anapata miaka iliyobakia, na mara nyingine hakuna hata mmoja.

Kuhamia Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10, lakini kuna masharti. Mashine inapaswa kuwa na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na, kwa zile za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Ordinatere ya mwaka 2014, hata kama inafanya kazi vizuri na ina memori ya kutosha, inakataliwa.

Je, kampuni inapaswa kuendelea kulinda programu yake ya zamani bila malipo?

Wanaotetea makampuni wana sababu za kweli. Kila marekebisho yanaomba wahandisi, tena yanapaswa kujaribiwa kwenye mashine za aina nyingi kabla ya kutumwa. Mteja alilipa mara moja, lakini kazi hiyo inaendelea kila mwezi. Tena tangu mwaka 2015 Microsoft ilisema kwamba Windows 10 italindwa kwa miaka 10, na ahadi hiyo imetimizwa. Kuhusu chipu ya TPM, kampuni inasema kwamba inalinda vizuri zaidi funguo za siri za mwenye mashine.

Upande wa pili pia una neno. Microsoft yenyewe iliendelea kuuza Windows 10 mpaka tarehe 31 mwezi wa kwanza 2023. Aliyeinunua siku hiyo hakupata miaka 10: alipata chini ya miaka 3. Zaidi ya hayo, kinachorekebishwa si kitu kipya ambacho mteja anaomba. Ni kosa lililokuwa ndani ya programu tangu siku ilipouzwa.

Historia inaonyesha kwamba kosa moja linaweza kuumiza hata wasiohusika. Windows XP iliachwa tarehe 8 mwezi wa nne 2014. Mwezi wa tano 2017, virusi vinavyoitwa WannaCry vilienea ulimwenguni. Kulingana na Europol, ordinatere zaidi ya 200 000 ziliguswa katika inchi karibu 150. Katika Uingereza, hospitali zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Ndipo Microsoft ilipotoa bure marekebisho ya XP, miaka 3 kiisha kuiacha.

Hata hivyo, wengi walioshambuliwa walikuwa na Windows 7, ambayo marekebisho yake yalikuwa yametoka miezi 2 mbele. Hawakuwa wameyaweka. Somo hilo ni la maana sana kwa Kongo, kwani marekebisho ya bure bado yanakula mega, na mega zinalipiwa. Watu wengi wanayazima ili kuokoa intaneti.

Kwa Windows 10, Microsoft imefungua mlango mdogo: watu binafsi wanaweza kupata marekebisho mpaka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Wanalipa dola 30, ama wanakubali kuhifadhi mipangilio ya ordinatere yao kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa makampuni na mashirika, bei ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na inaongezeka mara mbili kila mwaka unaofuata.

Lakini mwezi wa tisa 2025, kiisha shirika la watumiaji Euroconsumers kulalamika, kampuni ilikubali kuwapa watu binafsi wa eneo la kiuchumi la Ulaya mwaka huo bila malipo na bila sharti la kuhifadhi. Kosa ni lile lile, dawa ni ile ile, lakini bei inategemea mahali mtu anaishi. Ulaya ilipata kwa sababu watu wake walidai, tena wana sheria za kuwategemeza.

Kudai kila programu ilindwe milele hakuwezekani. Hata Ubuntu, ambayo ni ya bure, inatoa miaka 5 ya marekebisho kwa matoleo yake ya muda mrefu, kisha inaomba watu wahamie toleo lingine, bure vilevile. Kinachoweza kudaiwa ni hiki: tarehe ya mwisho iandikwe waziwazi wakati wa kuuza, miaka ihesabiwe tangu siku ya mwisho ya kuuza, na marekebisho ya usalama yasigeuzwe kuwa biashara ingali mashine nyingi zinatumika.

Kwa sasa, mwenye ordinatere ya zamani anaweza kujiandikisha katika mpango huo, ama kuweka Ubuntu au Linux nyingine nyepesi pamoja na LibreOffice. Kwa vyovyote, vitabu vya hesabu na orodha za wanafunzi vinakiliwe kwenye diski ya pembeni. Na anayeenda kununua okazio aulize, mbele ya kutoa pesa, ikiwa mashine ina TPM 2.0 na prosesa ya kizazi gani.