Chungwa la Kijani la Handeni

Basi la Dar es Salaam kwenda Korogwe, likishaiacha Chalinze, hupita Mkata na Kabuku kabla halijafika Segera, panapogawana barabara ya Tanga na ya Moshi. Hiyo ni Handeni, nchi ya machungwa. Kipo hata kijiji kiitwacho Michungwani. Msimu ukikolea, kuanzia Juni hivi, wachuuzi huinua nyavu za machungwa hadi dirishani, na mabishano huanza papo hapo.

“Mbona mabichi, mwanangu?” mama mmoja atauliza.

“Mabivu hayo, mama. Menya moja. Likiwa kali, usilipe.”

Mama anamenya, ananyamaza, ananunua nyavu mbili. Kesi hii husikilizwa kila mwaka, wajukuu zangu, na mimi nimekuja kutoa ushahidi upande wa mchuuzi.

Tuanze na ganda, maana ndilo lililoshitakiwa. Ganda la chungwa changa limejaa klorofili, rangi ile ile ya kijani iliyomo ndani ya majani. Watu wengi hudhani tunda likiiva tu, klorofili huondoka. Kwenye chungwa sivyo. Klorofili ya ganda huondoka upesi pale ganda linapopata baridi ya kweli, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 13 za Selsiasi hivi. Hispania na California wanao usiku wa namna hiyo kila majira ya baridi, ndiyo maana machungwa ya kwenye picha za vitabuni huwaka kama yamechorwa. Korogwe mjini, kando ya Mto Pangani, usiku wa Julai unataka shuka tu. Ganda halijasikia baridi, basi linabaki kijani, au linapata mabaka ya njano hapa na pale, na huku ndani mambo yamekwisha zamani.

Wafanyabiashara wa nchi nyingine wakiletewa machungwa ya kijani, huyafungia chumbani na gesi ya ethilini kwa siku chache mpaka yapate rangi. Ladha haisogei hata chembe. Ni sawa na kumpaka mtu poda, kisha ukasema amepona malaria.

Sasa tuingie ndani, penye utamu wenyewe. Sukari ya chungwa hutengenezwa kwenye majani, kwa ile kazi mliyofundishwa shuleni kwa jina la usanisinuru: jani linapata mwanga wa jua, linavuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, linapokea maji kutoka mizizini, linatoa sukari. Sukari hiyo husafiri ndani ya tawi, ikapita kikonyoni, ikaingia kwenye tunda. Mti wenye majani machache au yenye maradhi hauwezi kutoa chungwa tamu, hata ukiusimamisha kwenye jua kali kiasi gani.

Lakini utamu unaousikia mdomoni hautokani na sukari peke yake. Chungwa changa lina asidi nyingi, asidi ya sitriki, ile ile ya limau na ndimu. Tunda lililoko mtini ni kitu hai, linapumua usiku na mchana, na katika kupumua huko huitumia asidi yake kidogo kidogo ili lipate nguvu. Joto likiongezeka, linapumua haraka zaidi. Hapa ndipo jua la Handeni linapofanya kazi yake ya siri: majani yanaongeza sukari, na joto linakula ukali. Machungwa mawili yanaweza kuwa na sukari sawasawa, moja likakukunja uso na jingine likakufanya ulambe vidole, kwa sababu ya asidi tu.

Iko mbegu iitwayo Valencia, inayolimwa karibu dunia nzima na kwetu Tanga pia. Kule California, toka ua lichanue mpaka tunda liive hupita zaidi ya mwaka mmoja. Utakuta mti mmoja umebeba matunda ya msimu uliopita pamoja na maua ya msimu mpya. Kwetu miezi minane au tisa humaliza kazi. Mti ni ule ule, ila joto halina subira.

Kama ni joto tu, mtaniuliza, mbona machungwa ya shamba lile lile mwaka huu matamu na mwaka juzi yalikuwa maji matupu? Swali zuri. Joto lipo kila mwaka. Kinachobadilika ni kiu.

Masika yakishaisha, mwezi wa Mei au Juni, nchi ya Handeni huanza kukauka. Julai, Agosti, Septemba: vumbi linapanda, nyasi zinageuka rangi, na mchungwa unaacha kutoa majani mapya. Mchungwa wa Hispania hulazwa na baridi. Wa kwetu hulazwa na ukame. Katika usingizi huo wa kiu ndipo mti unapoandaa maua ndani ya macho ya matawi yake. Mvua za vuli zikipiga, Oktoba au Novemba, maua hayo hufumuka kwa pamoja, na anayepita kwa baiskeli jioni hujua kwa harufu tu kwamba amefika shambani. Kiangazi kisipokuwa na makali, maua hutoka kidogo kidogo, leo tawi hili, mwezi ujao tawi lile, na mkulima anapata matunda ya rika mbalimbali yasiyovunika kwa pamoja.

Kisha huja Januari na Februari, na jua linawaka hasa. Vitunda vidogo kama punje za mahindi hupukutika kwa mamia. Msiogope mkiviona chini. Mti hauwezi kulisha watoto wote uliowazaa, hupunguza. Ila jua likivuka mpaka na ardhi ikawa kavu kabisa, vitunda vinapukutika kupita kiasi. Tena saa za mchana mti hufunga vile vitundu vidogo vya majani ili usipoteze maji, na ukishavifunga, hewa haiingii, sukari haitengenezwi. Kwa hiyo jua kali mno haliongezi utamu, linausimamisha. Wanaosema “jua zaidi, sukari zaidi” hawajawahi kuutazama mchungwa saa saba mchana, majani yamejikunja.

Miche mingi hubebeshwa juu ya shina la limau, na hapo utaona faida yake: mizizi ya limau huenda mbali kutafuta maji. Hasara ipo pia, maana mti wenye mguu wa limau hutoa matunda makubwa yenye sukari pungufu kidogo kuliko mashina mengine. Mkulima anachagua kati ya mti unaostahimili na tunda linalosifiwa. Kwa nchi isiyo na mifereji ya umwagiliaji, ningechagua limau mimi pia.

Machi masika yanarudi, na matunda yanakunywa. Yananenepa mbele ya macho yako, lakini kinachoyajaza wakati huo ni maji hasa. Chungwa la Aprili ni zuri kwa macho tu. Mvua zikishakatika, majani bado mengi na mabichi, anga jeupe, jua la wastani, sukari inaendelea kuingia na maji yanaingia kidogo. Wiki hizo za Juni na Julai ndizo zinazotengeneza jina la mwaka. Zikinyeshewa mno, juisi inapwaya. Na mvua kubwa ikifika ghafla baada ya ukame mrefu, tunda hunywa kuliko ganda linavyoweza kutanuka, likapasuka likiwa mtini.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Wanunuzi, wengine kutoka Kenya, huanza kuzunguka mashambani kabla ya wakati, na mkulima mwenye deni la ada ya shule huuza. Embe na ndizi ukizichuma zimekomaa tu, huwa zina wanga ndani yake, na wanga ule hugeuka sukari zikiwa zimefunikwa nyumbani. Chungwa halina akiba hiyo. Siku linapokatwa kikonyo, mlango wa sukari umefungwa. Lililochumwa kali Handeni litafika Nairobi likiwa kali, hata ulivundike wiki nzima. Na anayelinunua huko atasema kilichomdanganya ni ukijani. Hivyo machungwa yaliyowahishwa sokoni huyachafulia jina yale yaliyoiva, kwa kuwa yote yamevaa nguo moja.

Mbali na hapa, nchini Ureno, wapo wakulima wanaoyajua vizuri mahangaiko haya ya jua na kiu. Bonde la Mto Douro limekingwa na milima dhidi ya mawingu ya Atlantiki, na kiangazi joto lake huweza kupita nyuzi 40. Mipaka ya mashamba yake ya zabibu iliwekwa mwaka 1756. Zabibu nazo haziongezi utamu zikishachumwa, nazo hupoteza asidi joto likizidi, na mzabibu nao hufunga kazi jua likivuka kiasi. Huko huvumilia kwa sababu mizizi hupenya nyufa za mawe yanayobanduka tabaka tabaka, ikafuata maji ya mvua za majira ya baridi. Zabibu hizo hutengenezwa porto, mvinyo mtamu wa watu wazima: hamira huanza kula sukari na kuigeuza kileo, na kabla haijamaliza, humiminiwa pombe kali, ikafa. Sukari iliyobaki ni ya jua la mwaka ule. Mwaka ukiwa bora kweli, labda mara tatu katika miaka kumi, kampuni huutangaza na kuuandika kwenye chupa. Mwaka 2003 joto lilipoitesa Ulaya na kuua maelfu ya watu, kampuni nyingi za porto ziliutangaza mwaka huo.

Hapa Tanzania, Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zabibu za wakati wa mvua hazifanani na za kiangazi. Chungwa la Handeni halina chupa wala pa kuandika mwaka. Lakini muulizeni mzee yeyote wa Kabuku mwenye miti thelathini, atawatajia miaka yake mizuri bila kutazama popote.

Mkifika Segera, basi, msichague kwa rangi. Shikeni moja kila mkono: lililo zito kuliko mwenzake, lenye ganda laini lililonyooka, ndilo lenye juisi. Kama mna mti nyumbani, chumeni moja la nje juu, linalopigwa na jua, na jingine la ndani kivulini, mkalinganishe. La nje litashinda mara nyingi. Na chungwa mkilikata vipande, la kwanza kuonjwa liwe pande la chini, mbali na kikonyo, kisha pande la juu. Tunda ni moja, lakini chini ndiko kwenye sukari nyingi zaidi, kwa hiyo mkigawana na mdogo wenu, mjue mnampa lipi.