Taa za Nyuma Zikizimika: Habari za Fyuzi ya Pikapu

Miongoni mwa vitu vyote vilivyomo garini, hapana kilicho rahisi kwa bei na adhimu kwa kazi kama fyuzi. Na juu ya hayo, hapana kinachodharauliwa zaidi, maana dereva awezaye kukaa barazani jioni nzima akiisifu injini ya Hilux yake, ugumu wa springi zake na uvumilivu wa giaboksi yake, aghalabu hajui kisanduku cha fyuzi kilipo, mpaka usiku umkute njiani na shehena ya nazi, taa za nyuma zimezimika, na malori yanamjia kwa kasi bila kumwona.

Muradi wa fyuzi ni kuungua. Ndani ya gamba lake la plastiki mna ukanda mwembamba wa madini, aghalabu zinki, uliopimwa kwa hisabati ili mkondo wa umeme ukizidi kadiri yake, ukanda uyeyuke na kuikata njia kabla waya wenyewe haujapata moto. Wako wasemao kuwa betri ya volti 12 haina la kuogopwa, kwa kuwa mtu huishika na asishtuke. Neno hilo ni kweli kwa mkono wa mtu, lakini si kweli kwa waya, kwa sababu betri ya pikapu, waya wake ukigusa bodi ya gari bila kitu cha kuuzuia umeme, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na mkondo huo wote hugeuka kuwa joto.

Hisabati yake haimshindi yeyote aliyesoma kugawanya: chukua wati za taa, gawanya kwa volti, utapata ampea. Taa mbili za breki zenye wati 21 kila moja hufanya wati 42, nazo zikigawanywa kwa 12 hutoa ampea 3 na nusu. Taa kubwa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja hupita kidogo ampea 9. Sasa mwenye pikapu aliyependezwa na taa za ziada za wati 100 kila moja, akazifunga mbili na kuzichomekea katika njia ya fyuzi ya ampea 15, ameitwisha njia hiyo karibu ampea 17, tena juu ya mzigo iliokuwa nao tangu awali. Fyuzi ikifa, asimlaani aliyeiuza.

Fyuzi za magari ya zamani zilikuwa vipande vya mrija wa kioo, na ukanda wake ulionekana dhahiri ndani. Zile bapa zenye miguu miwili, tuzionazo leo karibu katika kila gari, zilitolewa na kampuni ya Littelfuse ya Marekani mwaka 1976, na fadhila yao kubwa ni rangi, kwa maana hata asiyeweza kuisoma tarakimu ndogo iliyochapwa juu yake huijua kwa kuitazama: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, ile angavu isiyo na rangi 25, na kijani 30. Za chini ya nyekundu ni kahawia, ambayo ni ampea 7 na nusu, na ile yenye rangi ya mchanga, ambayo ni 5.

Kabla ya kuishuku fyuzi, yafaa kutazama ni nini kilichozimika na ni nini kilichozimika pamoja nacho. Taa moja ya nyuma ikiwa imekufa na mwenzake inawaka, sababu aghalabu ni globu yenyewe au kutu katika kikalio chake, jambo la kila siku kwa magari yanayovuta hewa ya chumvi ya pwani. Lakini zikizimika zote mbili, na taa ya namba, na ule mwanga mdogo wa dashibodi umsaidiao dereva kuisoma spidi usiku, basi hapana haja ya kufungua globu hata moja, kwa kuwa katika Hilux nyingi vyote hivyo hula katika fyuzi moja, iliyoandikwa TAIL juu ya kifuniko. Ile ya breki huandikwa STOP, ya honi HORN, na ya taa ya ndani DOME. Na maandishi haya, ingawa ni ya kigeni, ni machache kiasi cha kuhifadhiwa kwa dakika tano.

Visanduku kwa kawaida ni viwili: kimoja chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na goti, na cha pili chini ya boneti jirani na betri. Katika hicho cha pili mna pia fyuzi kubwa zilizofungwa kwa skrubu, za ampea 80 na zaidi, ambazo asiye fundi asizitie mkono. Na hata fundi huanza kwa kuondoa waya wa ncha hasi ya betri.

Watu wengi hung'oa fyuzi moja baada ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga, wakitafuta iliyokatika, na mwisho wake huzichanganya wasijue ipi ilitoka wapi. Mafundi wana njia iliyo bora. Fyuzi bapa ina vitobo viwili vidogo mgongoni mwake, na ndani ya kila kitobo madini yanaonekana. Fundi huchukua testa yake, kile kijiti chenye taa ndani na waya mrefu wenye koleo, akaibana koleo kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu, akafungua switchi na kuwasha taa, kisha akagusa kitobo cha kwanza na cha pili. Testa ikiwaka kote kuwili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekufa. Isipowaka popote, umeme haujafika hapo, na kosa litafutwe nyuma zaidi. Kwa njia hii kisanduku kizima hukaguliwa bila ya kung'oa kitu.

Kubadilisha ni kazi ya pumzi moja. Zima switchi, tumia kile kibano cha plastiki ambacho magari mengi huwekewa ndani ya kifuniko, vuta fyuzi wima bila kuipinda, na uchomeke nyingine ya ampea zile zile. Aliye njiani usiku bila ya akiba anaweza kuazima fyuzi ya redio ikiwa kipimo chake ni kile kile. Ya kipimo kidogo inaweza kumfikisha au ikaungua tena, bila ya madhara. Ya kipimo kikubwa ni haramu.

Ikiwa fyuzi mpya nayo imeungua papo hapo, gari limekwisha kusema kuwa kuna mahali linapiga shoti. Katika pikapu mahali hapo mara nyingi ni nyuma, kwa sababu waya za taa hupita kando ya chasisi, chini ya bodi inayobeba mchanga, saruji na mbuzi, zikitikisika juu ya ncha za chuma mpaka zikachunika. Na plagi ya trela, kwa wenye kuvuta trela, ni ya kushukiwa kabla ya vyote. Hapa mafundi wa umeme wana hila inayonipendeza kuliko vifaa vingi vya ghali: badala ya kuua fyuzi kumi, huunganisha globu ya breki ya wati 21 kwa vipande viwili vya waya na kuichomeka katika tundu la fyuzi, kisha huchomoa zile taa ambazo njia hiyo inazilisha. Globu haiwezi kupitisha hata ampea 2, kwa hiyo waya hazidhuriki. Na maadamu shoti ipo, huwaka kwa nguvu zake zote. Fundi hulala chini ya gari na kuzitikisa waya shubiri kwa shubiri, na mwenziwe akiita kuwa globu imezimika, basi mkono wake umefika pale pale penye kosa.

Nimeyaacha nyuma yale ya kutia waya wa shaba au karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, ambayo kwa rai yangu ni uovu mkubwa kuliko yote yafanywayo gereji. Mhandisi William Preece wa Posta ya Uingereza alichunguza katika miaka ya 1880 kiasi cha mkondo kinachoyeyusha waya mbalimbali, na kwa kanuni yake waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 hauyeyuki mpaka upitiwe na takriban ampea 80. Fyuzi ya ampea 15, mkondo ukifika maradufu, hufa kabla ya sekunde 5 kutimia. Waya ule uliosokotwa badala yake utaendelea kupitisha, na kitakachoyeyuka ni mpira wa waya zilizo chini ya zulia na kando ya bomba la mafuta. Afanyaye hivyo amemfunga mbwa mdomo kwa kuwa anabweka, na mwizi yumo ndani.

Kwa hiyo, ewe mwenye pikapu, kabla ya safari yako ijayo nunua fyuzi mbili mbili za kila rangi iliyomo katika gari lako, uhakikishe ukubwa wake ni ule ule, kwani kuna za kawaida na kuna ndogo, nazo haziingiliani. Uziweke katika kikopo pamoja na testa na tochi. Na ukifungua kisanduku ukakuta fundi wa jana amekutilia kipande cha waya, king'oe, mrudie umwulize ni shoti gani aliyoshindwa kuitafuta.